Kiapo cha Mzee Amri na Chungu cha Uyoga

Amri Nassib aliapa akiwa kijana, na vijana wanapoapa huwa hawafikirii kwamba siku moja watazeeka. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yake na Zubeda. Alikula uyoga ukweni jioni, usiku tumbo likamkata nusura aone kaburi lake, na asubuhi, mbele ya mama mkwe, akatamka: "Wallahi, uyoga hautaingia tena kinywani mwangu." Baadaye alikumbuka kwamba mchana wa siku ile alikula mishkaki ya kutilia shaka pale stendi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na Amri hajawahi kuwa mtu wa kuomba radhi kwa mboga.

Sasa, Zubeda ni Mkonongo. Kwao mvua zikishika na uyoga ukachomoza kwenye vichuguu, hakuna anayezungumzia nyama. Kwa kuheshimu kiapo cha mumewe, hakuupika jikoni kwake hata mara moja. Kila msimu aliununua kwa akina mama wanaokuja na ndoo kutoka Mwamkulu, akavuka uchochoro hadi kwa jirani yake Christina, wakaunga kwa karanga, wakala na kucheka wawili. Kisha alirudi nyumbani kumpikia Amri maharage. Amri alijua, maana harufu ya uyoga haifichiki. Alikula maharage yake, na miaka arobaini ikapita kwa amani.

Msimu huu wa mvua mjukuu wao Hadia, anayesomea lishe Morogoro, alikuja likizo. Jioni moja, baada ya chakula, akasema, "Bibi, huo uyoga wenu unatafutwa na watu wenye maabara zao huko. Una kitu kinaitwa ergothionini."

"Jina refu kuliko la chifu," alisema Zubeda.

"Mwili hauwezi kukitengeneza, lazima ukile. Na kwenye vyakula vyote, uyoga ndio unaongoza. Watafiti wanakiangalia kwa ajili ya wazee. Kuna tafiti zimeona wazee wenye nacho kidogo mwilini ndio wanaosahau zaidi. Ila bado haijathibitika kwamba ukila basi hutasahau. Nyie msije mkatangaza mtaani kwamba Hadia kaleta dawa."

Amri alisikia neno moja tu, kusahau. Mengine yote yalipita.

Mwezi uliopita aliacha duka lake la khanga wazi, kufuli mfukoni, akaenda swala ya alasiri. Wiki iliyofuata alimwita Zubeda kwa jina la marehemu dada yake mwenyewe, na Zubeda akaitika kama vile hakusikia kosa. Hilo ndilo lililomuuma. Kaka yake Amri alimaliza siku zake akimwuliza mkewe, "Wewe mama ni wa nani?" Kifo Amri alikwisha kukizoea kwenye mawazo yake. Alichokiogopa ni kumtazama Zubeda siku moja akamwona mgeni.

Lakini kiapo ni kiapo, na kumwambia mkewe "nipikie uyoga" kulikuwa kumeza fahari ya miaka arobaini kwa mkupuo. Akatafuta kichochoro. Hadia alikuwa ametaja kwamba nchi za nje wanakiuza kwenye vidonge, basi Amri akazunguka maduka ya dawa ya Mpanda akilitamka lile jina kila mara kivyake. Alirudi na dawa ya minyoo.

Ijumaa alimvizia imamu wa msikiti wa mtaani, Shehe Yasser, kijana wa umri wa mwanawe.

"Shehe, mtu akiapa kutokula uyoga, halafu akapata kidonge chenye kitu cha kwenye uyoga, amekula uyoga?"

Yasser alitabasamu. "Mzee Amri, hapo unamkwepa Mungu au unamkwepa mkeo, Mama Raya?"

Amri aliinama kutafuta viatu vyake.

"Kiapo kikikuzuia jambo la heri, kivunje, ulipe kafara. Lisha masikini kumi, chakula cha wastani mnachokula nyumbani kwenu. Ni nyepesi kuliko unavyoihangaikia."

Nyepesi kwa Mungu, labda. Nyumbani Amri alizunguka ua mara mbili ndipo akamweleza mkewe, macho yakiwa kwenye ndoo ya maji. Zubeda alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na kwa mwanamke yule huo ulikuwa ukarimu mkubwa.

"Kwa hiyo tupike maharage ya watu kumi," Amri alimalizia. "Ndicho chakula cha nyumba hii."

"Nyumba hii ina vyakula viwili, Baba Raya. Chako na changu."

Jumapili Zubeda alitoa chungu uani kwake, mchana kweupe, akapika wali wa mchele wa Usevya na uyoga wa karanga. Wageni kumi walikaa kwenye mikeka, wajane na wazee wa mtaa wa Misunkumilo. Amri aliwanawisha mikono mwenyewe. Kwa adabu alisubiri wao washibe kwanza, na hapo ndipo alipokosea hesabu, kwa sababu watu wa Katavi hawabakishi uyoga. Walipoaga na kumwombea umri mrefu, alifunua chungu akakuta kimekombwa mpaka weusi wa chini. Alisimama na mwiko mkononi, amekata tamaa kama mtoto.

Zubeda alitoka ndani na bakuli lililofunikwa.

"Kaa ule. Hili ni lako."

"Ulijua watamaliza?"

"Mimi kila nikipika kwa Christina nakutolea lako kwanza. Toka mwaka ule ule wa kwanza. Nalifunika, nasema labda leo atataka. Asubuhi watoto wa Christina wanakula."

Amri alikaa chini. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Alimshika mkono, akamvuta akae kwenye mkeka ule ule, akaweka bakuli katikati yao.

"Kula, Baba Raya, unapoa."

Walikula pamoja. Ulikuwa mtamu. Kama akili yake ingebaki au ingeondoka, hakuna aliyejua, si Hadia wala wenye maabara. Amri alimwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba kama ni lazima asahau, hili bakuli liwe la mwisho kusahaulika.