Saa Kumi na Mbili na Robo

Juzi nilimsindikiza mke wangu hospitali kurudisha kifaa cha kupima mapigo ya moyo. Alikuwa amekivaa kiunoni tangu asubuhi ya siku iliyotangulia, nyaya zimebandikwa kifuani, akapewa na karatasi ya kuandika kila anachofanya na saa yake.

Dada wa kipimo akaisoma karatasi huku akitazama kompyuta. "Saa nne, nafua. Saa saba, napika. Hapa moyo umetulia, mama." Akasogeza kidole. "Ila saa kumi na mbili na robo jioni moyo umeenda mbio sana, na hujaandika kitu. Ulikuwa unabeba maji?"

"Nilikuwa nimekaa tu," mke wangu akasema, akikunjakunja ncha ya khanga.

"Umekaa tu?"

"Nilisikia geti."

Dada akaniangalia, kisha akarudisha macho kwenye kompyuta haraka. Saa hiyo hurudi nyumbani mtu mmoja tu, naye ndiye anayeandika haya.

Kwenye safu hii nimewasema sana mabosi wanaofokea watu, na nyie mkanipigia makofi. Jioni ile nilitoka kazini, nikafika nyumbani Chanika, nikasimama nje ya geti langu, funguo mkononi, nisijue nilifungue vipi.