Barua Tatu Kuhusu Mbegu

Kazi yangu ya kwanza yenye meza na kiti ilikuwa kazi ya kusoma. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo cha uhazili, na shirika dogo la wakulima pale Njombe mjini lilinichukua kwa kuwa nilijua kuchapa haraka na Kiingereza changu hakikuwa kibaya. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya soko, simu moja, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyumbani. Kila asubuhi nilichomoa waya wa simu, nikauchomeka kwenye modemu, nikasubiri makelele yake yaishe, ndipo barua pepe zikaanza kuingia.

Ilikuwa miaka ile serikali imejitoa kwenye biashara ya pembejeo. Zamani mbegu na mbolea zililetwa na ushirika, na zikichelewa ulijua nani wa kumlaumu. Sasa kila mwenye fremu ya duka aliweza kuuza. Makambako, pale barabara zinapokutana, maduka ya pembejeo yaliota pande zote za stendi, na hadithi zikaota pamoja nayo. Fulani kauziwa chumvi badala ya mbolea. Fulani kauziwa mahindi ya kula yaliyopakwa rangi ya waridi ili yafanane na mbegu. Nyingine zilikuwa za kweli. Mjomba wangu mwenyewe aliwahi kupanda mahindi ya rangi na shamba likatoka na vimo vya kila namna, kama darasa la usiku linalochanganya wazee na watoto. Kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa kushuku kabla kompyuta haijafika.

Kazi yangu ilikuwa kuchagua habari zenye faida kwa mkulima, kuziandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, na kuubandika kwenye ubao wa nje. Nakala niliwapa makondakta wa mabasi, wakazishusha Makambako, Wanging'ombe, hata Makete. Dada yangu, aliyekuwa muuguzi Tandala, aliniambia ameukuta ukurasa wangu umebandikwa kwenye mlango wa duka karibu na hospitali. Nilijisikia mtu.

Mwezi wa kwanza nilipokea barua tano au sita kwa wiki. Nilizisoma kama mtu anavyosoma barua ya posa. Kisha mratibu wetu, mwanamume mpole aliyevaa koti la suti hata siku za jua kali, akaniagiza nijiandikishe kwenye orodha zote nitakazoziona: za kilimo, za bei, za mazingira, za wafadhili. "Usiache kitu," alisema. "Wanaotusaidia wanataka kuona tunafuatilia."

Baada ya miezi minne zilikuwa zinaingia zaidi ya mia kwa siku. Moja ilisifu mbolea fulani, ya pili ilisema mbolea hiyohiyo inaua udongo. Mtu nisiyemjua alinitaka nimsaidie kutoa mamilioni ya marehemu baba yake benki. Mwingine alisema nisipotuma maneno yake kwa watu kumi nitapata msiba. Nilizichapa zote kwenye karatasi, nikazitoboa, nikazifunga kwenye mafaili, na mafaili yakapanga mstari sakafuni hadi mlangoni. Nikila nilikuwa nawaza barua ambazo sijafungua. Mtu akinisalimia njiani "Kamwene" nilichelewa kuitika, kwa sababu kichwani nilikuwa naamua kama barua ya asubuhi ilikuwa ya kweli. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kushuku kila kitu: muuza nyanya, mzani wa bucha, dawa ya kikohozi, hata sahihi ya mratibu.

Mwezi mmoja kabla ya mvua ikaingia barua yenye kichwa cha herufi kubwa: TAHADHARI. Ilisema kuna mbegu bandia za mahindi zinazouzwa na wafanyabiashara wa barabara kuu, katika mifuko myeupe ya kitambaa iliyoshonwa kwa uzi wa bluu. Niliisoma nikaiweka kando. Siku ya pili ikaja nyingine, kutoka kwa mtu mwingine, inasema hayohayo. Siku ya tatu ikaja ya tatu. Nikajiambia, mashahidi watatu wanatosha hata mahakamani.

Mifuko ya namna hiyo niliijua. Ilikuwa kwenye duka moja la Makambako, la mzee mmoja Mwislamu aliyehamia pale kutoka pwani miaka mingi nyuma, kwanza na lori, baadaye na duka. Baba yangu alikuwa amekwisha kununua mfuko kwake.

Niliandika ukurasa. Jina la mtu sikuliweka. Niliandika mifuko myeupe, uzi wa bluu, barabara kuu, na chini yake nikaandika: Mwenye nayo asipande, airudishe alikoinunua. Mratibu aliusoma akiwa amesimama, akaweka sahihi.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kijijini. Mfuko wa baba haukuwepo kwenye kona yake.

"Nimeurudisha," alisema baba. "Tumekwenda watu kumi na moja kwa gari la mbao."

"Alisema nini?"

"Alipokea mifuko, akaturudishia kila mtu chake. Kuna kijana mmoja kwenye kundi letu alimwita mwizi. Akaendelea kuhesabu pesa." Baba alikuwa anachambua mahindi ya kula ya mwaka uliopita kwenye ungo, anatafuta makubwa ya kupanda. "Mimi sina shaka. Mwanangu ndiye anayesoma."

Jumatatu, kama saa tatu asubuhi, yule mzee alikuja ofisini Njombe. Alivaa kanzu na koti zito la baridi, na begani alibeba mfuko mmoja wa kilo kumi. Aliutua sakafuni kati ya mafaili. Nilimwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Ni wewe unayeandika ile karatasi?"

"Ndiyo."

"Nani ameziona mbegu zangu hazikuota?"

Nilimwambia nina barua tatu. Aliomba nimwonyeshe. Nilimfungulia kwenye kompyuta, akavuta kiti akakaa, akatazama kioo kwa adabu. Kiingereza hakukijua. Nilimfasiria sentensi kwa sentensi, na sauti yangu ilikuwa ya mwalimu anayesoma makosa ya mwanafunzi.

"Aliyeandika yuko wapi?" aliuliza.

Nikataja jina la aliyenitumia.

"Sikuulizi aliyetuma. Nauliza aliyenunua mbegu, akapanda, zikamfia. Yuko wapi? Alipanda lini?"

Sikuwa nimewahi kuteremsha barua ile mpaka chini. Nilikuwa nasoma juu, napata maana, naruka kwenda nyingine, zilikuwa mia. Sasa niliteremsha. Kila mstari ulitanguliwa na vile vialama vya mshale ambavyo kompyuta huweka barua inapotumwa tena kwa mtu mwingine: mshale mmoja, halafu miwili, halafu mitano. Chini kabisa kulikuwa na mwandishi wa kwanza. Alikuwa nchi nyingine. Aliandika miaka mitatu kabla, na barabara kuu aliyoisema ilikuwa ya kwao. Nikafungua barua ya pili, nikateremsha. Yeye yule. Ya tatu, yeye yule. Mashahidi wangu watatu walikuwa mtu mmoja, amebebwa na watu wengi.

Lakini sikumwambia. Nilimwambia tutalichunguza.

Alinyanyuka taratibu. "Nakuachia huu mfuko. Zioteshe uone."

Alipotoka nilibaki naukodolea macho ule mfuko, na badala ya kuona aibu nikaanza kushuku upya. Kwa nini ameleta mfuko huu na si mwingine? Labda amechagua mzuri. Labda anajua kwamba sina wa kumuuliza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa wakati ule. Hata ukweli ukija na miguu yake niliukagua viatu.

Siku ya pili nilipanda basi hadi Makambako bila kumuaga mratibu. Nilisikia kuna mama wa Lyamkena, kijiji cha jirani, aliyekataa kurudisha mfuko wake. Nilimkuta uani anatwanga.

"Kwa nini hukurudisha, mama?"

"Karatasi yenu ilisema mbegu mbaya. Haikusema nani kaziona." Alinitazama bila uchokozi. "Mimi mwaka jana nilipanda za mzee huyu, nikavuna. Sasa nimwamini nani, macho yangu au ubao?"

Aliniruhusu nichote konzi moja kutoka kwenye mfuko wake. Mwisho wa wiki nikawa kijijini. Nilihesabu punje mia za mama yule na punje mia za mfuko wa ofisini, nikazifunga kwenye vipande viwili vya kanga kuukuu vilivyoloweshwa, nikaviweka kwenye sufuria karibu na mafiga ya mama. Niliomba ruhusa ya siku chache, nikasema naumwa. Mama alivinyunyizia maji kila alipopita. Baba alipita pia, akatazama, akaondoka.

Mvua ilianza siku ya tatu. Baba alikwenda shambani na yale mahindi ya kula.

Siku ya saba nilifungua vitambaa. Kwenye cha kwanza zilikuwa zimeota tisini na nne. Kwenye cha pili tisini na sita. Vijizizi vyeupe vilikuwa vimetoboa kanga hata nikashindwa kuvitoa bila kuvivunja. Nilihesabu mara ya pili, na mara ya tatu, nikitumaini nimekosea. Baba alisimama mlangoni na jembe lenye tope.

"Ni nzuri?" aliuliza.

"Ni nzuri, baba. Kosa ni langu."

Alikaa kwenye kigoda akavua viatu. "Nimekwisha kupanda," alisema, kana kwamba mimi ndiye wa kufarijiwa.

Niliporudi ofisini niliandika ukurasa wa kusahihisha. Mratibu aliusoma, akaukunja mara mbili.

"Tukisema tumekosea, nani atatusoma tena?"

"Lakini tumemharibia mtu."

"Jina lake hatukulitaja," alisema. Ukurasa akautia kwenye mfuko wa koti.

Wiki ileile lilibandikwa kwenye ukuta wetu bango kubwa la muuzaji mwingine wa mbegu, na kalenda zake tatu zikawa kwenye meza ya mratibu. Sijui kama mambo hayo mawili yalikuwa na uhusiano. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka. Sikuwa na mtu aliyeona kitu, wala mahali, wala siku, na nilikuwa nimekwisha kufundishwa kwa gharama ya watu wengine kwamba hisia zangu si ushahidi. Lakini tangu siku ile sikuwahi kunywa naye chai nikiwa nimetulia.

Ukurasa niliuandika tena kwa mkono, nakala kumi na mbili, nikaweka jina langu chini kwa kuwa jina la ofisi nilinyimwa. Nikaubandika ubaoni saa ya chakula, nyingine nikawapa makondakta, na ya mwisho nikaipeleka mwenyewe Makambako.

Duka lilikuwa wazi, rafu za mbegu tupu. Mzee alikuwa nyuma anafunga turubai la lori. Mke wake alinipa kiti na kikombe cha chai ya tangawizi, kisha akakaa mbali kidogo, na nikaona kuwa hakufurahi kuniona. Nilimpa mzee karatasi. Hii ilikuwa ya Kiswahili, akaisoma mwenyewe mpaka mwisho, midomo ikitembea.

"Nimekuja kuomba radhi," nilisema.

"Ungekuwa unanichukia," alisema, "ningejua la kufanya. Ningekuja kwa wazee wako tukayamaliza. Lakini wewe hukuwa na neno na mimi. Uliambiwa tu." Aliikunja karatasi vizuri. "Hilo ndilo limenitisha, binti."

Nilimuuliza kama ataleta mbegu mwakani. Akasema lori halihitaji kuaminiwa na mtu, linabeba viazi na kufika. Mbegu hakuuza tena.

Kazini nilibaki mwaka mmoja zaidi, na nikaifanya kwa namna nyingine. Nilijitoa kwenye orodha moja baada ya nyingine mpaka zikabaki nne. Kompyuta niliifungua asubuhi na kuifunika saa nne, hata kama barua zilikuwa bado zinaingia. Kila barua niliiteremsha kwanza hadi chini, kabla ya kusoma juu. Kwenye daftari niliandika nani ameona, wapi, lini. Isiyokuwa na majibu nilifuta, hata ikiwa imeandikwa na daktari wa chuo kikuu. Siku zingine ukurasa wangu ulikuwa na habari mbili tu, na mratibu akalalamika kwamba unaonekana mtupu. Saa zilizobaki nilikwenda vijijini kuuliza. Ule msururu wa mafaili tuliuwashia moto kidogo kidogo msimu wa baridi.

Mashaka hayakunitoka. Yalipungua tu, yakawa na kazi ya kufanya.

Mwezi wa sita nilikwenda kumsaidia baba kuvuna. Magunzi yalikuwa mafupi, mengine hayakujaa punje, na tulimaliza shamba lote kabla ya jua kufika utosini. Mama alisema tutakula viazi, hakuna aliyekufa kwa viazi. Baba alikaa juu ya gunia ambalo halikufika nusu, akafuta uso.

"Mwakani tununue mbegu kwa nani?" aliniuliza.

"Sijui, baba."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hilo ndilo jibu la kwanza la ofisi yenu ambalo nimelielewa."

Kisha akasimama, akajikung'uta suruali, na tukashuka pamoja kwenda kwa jirani wa bondeni, ambaye mahindi yake yalikuwa bado yamesimama, marefu kuliko ua wa nyumba yake, kumuuliza alipanda nini.