Mgongo wa Farasi wa Mume Wangu

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano, ule wa msaada, ugali wake unanuka gunia na watoto wanauliza kama hiki si chakula cha kuku. Anayekwambia mwaka mwingine, mwambie mimi niliula.

Mume wangu alikuwa saisi, akimtunzia Mzungu mmoja farasi pale Tororo, na mimi nilikata nyasi. Farasi alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe. Watu wengi hawakuwahi kuona mwingine, basi walimwogopa. Mume wangu alinifundisha kumjua: "Acha tumbo, tazama mgongo." Weupe wa yule ulivuka mgongo hapo mabegani, ukamwagika pande zote mbili kama maziwa yaliyofurika sufuria.

Mzungu akamtuma mume wangu ampeleke farasi kwa mnunuzi, Busia. Hakurudi. Tulingoja mpaka magugu yakaota kwenye banda la farasi, pale nyumbani kwetu.

Kisha adhuhuri moja, jua utosini, farasi akaingia uani peke yake, amejaa vumbi la simenti la kiwandani, mweupe kichwa hadi kwato. Mgongoni tandiko la mume wangu. Mbwa hawakubweka. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo, akanywa bila sauti.

"Mwanangu amekwisha!" Mama mkwe akaanza yowe la msiba. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaleta wembe. Farasi amerudi bila mtu, basi mtu amekufa. Ninyolewe kama mjane, nihamie kwake anirithi.

"Ngoja nimwoshe," nikasema.

Nikashusha tandiko, nikamwaga maji. Weupe ukatokea tumboni, ukapanda ubavuni, ukakwama hapo. Mgongo ulikuwa mweusi tii, shingoni hadi mkiani. Nikasugua mpaka viganja vikawaka. Nywele nyeusi, na ngozi chini yake nyeusi. Uso ukatoka mweupe wote, jicho moja la buluu likinifuata. Wetu alikuwa na macho meusi.

"Huyu si farasi wake. Sinyolewi."

Shemeji akacheka. "Mke wa kaka, tangu lini farasi akachaguliwa kama kitenge? Tandiko hilo la nani?"

"La kaka yako."

"Basi?"

Nikapiga mluzi wa mume wangu, ule wa kumwita farasi wake ale pumba. Farasi akaja, akaniwekea kidevu begani, sawasawa na alivyozoea yule wetu. Pua yake ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Mama mkwe akanyamaza katikati ya yowe.

"Si unaona? Anakujua!" Shemeji akafungua wembe. "Piga magoti."

Nikatazama tena pale weupe ulipopaswa kuvuka. Nikakaza kitambaa changu kichwani.

"Huyu si farasi wake. Sinyolewi."