Mdomo wa Kisogoni

Bibi alitusimulia habari za msichana aliyekataa wachumba wa kwao akamfuata mgeni mzuri wa sura, kumbe ni zimwi, ana mdomo wa pili kisogoni. Maana yake tuliijua: usiolewe na mtu usiyemjua kwao. Mdogo wangu aliolewa na mwalimu wa kutoka bara, nami, kwa chuki tu, nikawa namhadithia binti yao hadithi hiyo hiyo, zimwi nikisema ndiye baba yake.

Mdogo wangu alipofariki, matanga yaliwekwa kwetu Chundwa. Siku ya tatu, baada ya khitima, mwalimu alikuja mlangoni kumchukua mtoto. Mtoto akaling'ang'ania buibui langu.

"Siendi! Baba ana mdomo nyuma."

Baba mtu hakuuliza nani kamwambia. Alivua kofia, akapiga magoti, akainamisha kichwa.

"Haya mama, utafute."

Mtoto akampapasa nywele mpaka shingoni. "Mama mkubwa, mbona hamna?"

Nilipaswa kusema kuwa nilimsingizia baba yake. Nikasema, "Ile ilikuwa hadithi tu."

"Ahsante, shemeji," mwalimu akasema. Wakaondoka wameshikana mikono, na mimi hata hatua moja sikuwasindikiza.