Mkia wa Kaseti

Kujipiga filamu ukiwa peke yako na lori ni kazi ya mwendawazimu, na mimi niliifanya miaka karibu yote ya vita vya pili vya huku kwetu Bukavu. Kila mlima mbaya niliupita mara tatu. Kwanza nilipanda kwa miguu, nikatafuta jiwe lililotulia kando ya njia, nikaiweka kamera juu yake, nikaiegemeza kwa kipande cha mpira wa gurudumu na kuiwasha. Halafu niliteremka hadi kwenye lori nikalipandisha, matope yakiruka, injini ikilia, na mimi nimekunja uso kama mtu anayetazamwa na nchi nzima. Nikishafika juu penye ardhi ngumu, nilirudi tena kwa miguu kuichukua kamera.

Mtu atauliza, kwa nini peke yako? Zamani lori la namna ile lilikuwa na watu watatu. Vita viliporudi, wenzangu wawili waliniambia waziwazi kwamba wanapenda uhai wao kuliko chumvi ya watu. Sikuwalaumu. Nilibaki mimi na Mercedes kuukuu yenye magurudumu yote manne ya kuvuta, tukipeleka chumvi na sabuni Bunyakiri na kurudi Bukavu na mawese na maharagwe. Kwenye kila kizuizi cha askari kamera ililala ndani ya sufuria, chini ya matambara, maana mtu aliyekutwa na kamera alikuwa na maswali mengi ya kujibu.

Kamera yenyewe alituletea kaka yangu anayeishi Ubelgiji, ili tumpigie filamu mama amwone. Tulimpiga mama mara moja, akiwa amekaa sebuleni kwetu Kasha, mtaa wetu wa Bukavu, kisha nikaichukua mimi. Sababu ilikuwa majivuno tu. Pale baa ya jirani nilisimulia jinsi nilivyopanda mlima fulani ambao lori lilikaribia kulala chali, na wenzangu wakacheka kwenye bia zao. Nikasema ngoja, nitawaletea wajionee kwa macho yao.

Filamu zangu zote zilikuwa na kasoro moja. Lori likishapita mbele ya kamera, kamera iliendelea kupiga barabara tupu mpaka nirudi. Na sikuweza kusimama katikati ya mlima, kwa sababu lori linalosimama kwenye matope linalala hapo hapo. Kwa hiyo mlima ulipokuwa mrefu, na barabara tupu ilikuwa ndefu. Sehemu hiyo niliiita mkia. Rafiki zangu walipiga kelele lori likipanda, na mkia ulipoanza waliinuka kwenda kukojoa.

Mama alikuwa kinyume chao. Lori likipanda yeye aliendelea kuchambua maharagwe kwenye ungo wake, hata hakuinua kichwa. Lori likishapotea, aliweka ungo chini na kutuambia tunyamaze. Mama alizaliwa Bunyakiri, na tangu vita vianze hakuwa amefika. Ndani ya mkia injini ilififia na nchi yake ikarudi: ndege, majani ya migomba, kuku mmoja anayevuka njia. Halafu watu. Miaka ile mtu wa kule akisikia injini aliingia msituni, hakungoja kujua ni ya nani. Injini ikishakwenda mbali walitoka mmoja mmoja, na kamera yangu ilikuwa bado pale kwenye jiwe, inawatazama wakitoka.

Habari ilienea Kasha kwa wale waliokimbia kutoka kule. Umeme ukiwepo walikuja kwetu, wakajaa sebule mpaka mlangoni. Walitambua shamba la huyu limelimwa, paa la yule halipo, mtoto wa fulani amekuwa mrefu. Mimi, dereva niliyeweka roho rehani kwenye matope yale, niliambiwa kwa adabu kabisa nipitishe haraka ile sehemu ya lori.

Mtu ambaye mama alimtafuta alikuwa mdogo wake, mama mdogo wangu. Mama ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, na kumlea baada ya mama yao kufariki. Kijiji kilipokimbilia msituni kila mtu alishika njia yake, na wengine walitufikia Kasha wakiwa na miguu iliyovimba. Mama mdogo hakufika, wala hakupatikana aliyemwona.

Mjomba wangu, kaka yao mkubwa, alikuwa mwalimu wa katekisimu na mtu wa utaratibu. Alisema haifai kumwacha mtu katikati, si hai si marehemu. Alitaka tufanye kilio: tukae chini, tulie, tule pamoja, tumwachilie aende kwa Mungu. Mama alikataa. Mjomba alirudi tena na tena na maneno yale yale, kwa upole, na kila mara mama alijibu hivyo hivyo.

"Kaburi yake sijaona, na yeye mwenyewe sijamuona," alisema. "Juu ya nini munachagua kaburi?"

Lakini maji hupungua hata kisimani. Msimu mmoja wa mvua mama alichoka. Hakusema amekubali, alisema tu kwamba nikienda Bunyakiri ninunue gunia la maharagwe mazuri na mawese ya kutosha, kwa sababu ndugu zetu wa Minova watakuja na hawawezi kulia na njaa. Nilielewa. Safari ile niliendesha bila kupiga mluzi, na mimi bila mluzi ni mgonjwa.

Nilipokuwa ninarudi, na gunia la kilio mgongoni mwa lori, nilifika kwenye ule mlima mwekundu unaotoka Bunyakiri kuelekea mbuga ya wanyama. Sikuwa na hamu ya kupiga filamu, ila mkono ulishazoea. Nikaweka kamera, nikashuka, nikapanda. Lori liliteleza upande wa bonde, nikalirudisha, likateleza tena, na nikafika juu jasho linanitiririka mgongoni. Niliporudi kwenye jiwe nikaikuta kamera kama nilivyoiacha, na pembeni yake, juu ya jani la mgomba, parachichi mbili safi.

Nilitazama msitu. Hapakuwa na mtu. Kwa akili yangu, ile ilikuwa heshima ya wananchi kwa dereva hodari. Nikashukuru miti, nikala moja na chumvi kidogo palepale, na ya pili nikaimalizia kwenye kijiji cha Miti, nikiendesha kwa mkono mmoja.

Jumamosi wageni wa Minova walikuwa wamekwisha kufika. Kilio kilikuwa kianze kesho yake baada ya misa. Mchana umeme ulirudi, na mama, labda ili asikae bure akiwatazama watu waliokuja kumlilia mdogo wake, alisema niweke kaseti ya safari hii. Mjomba alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Lori likapanda, likateleza, wageni wakaguna. Mkia ukaanza.

Kwanza lilikuwa jani tu, likidondosha maji. Kisha mwanamke akatoka kwenye majani, mwembamba, kikapu mgongoni kimening'inia kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, miguu mitupu, sandali amezipachika juu ya mzigo. Akaiona kamera. Akaikaribia mpaka uso wake ukawa ukungu mtupu kwenye televisheni, kisha akarudi nyuma. Akatua kikapu. Akachukua sandali, akazipiga moja kwa nyingine kutoa udongo, akazivaa. Akafunga kitenge upya. Akasimama katikati ya barabara, mikono imenyooka ubavuni, midomo imefungwa, macho kwenye kamera. Na hapo akabaki.

Sebule yote ilicheka. Kila mmoja wetu alishawahi kusimama hivyo studio, maana ukitikisika kabla haijapiga, picha inaharibika na mpiga picha anakugombeza. Alidhani ni kamera ya picha. Alikuwa anangoja ipige, yaani ilie na kutoa mwanga, na ile haikuwa na namna ya kupiga. Ukungu ulipita nyuma yake, ukaja wa pili, naye hakupepesa. Kicheko kiliisha chenyewe.

Mama alikuwa amesimama, sikuona wakati gani. Akaniambia nirudishe mpaka pale anapovaa viatu. Nikarudisha. Akatazama, akaniambia nirudishe tena.

"Anaanzia kushoto," alisema. "Mimi njo nilimufundisha kuvaa viato. Huyu ni wangu."

Njaa na miaka vilikuwa vimembadilisha sura, lakini hakuna aliyebisha. Mjomba alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kwenye televisheni mama mdogo alikuwa ameridhika. Alitazama kushoto na kulia akimtafuta mwenye kamera, hakumwona, akatoa parachichi mbili kwenye kikapu na kuziweka juu ya jani, malipo ya picha yake. Kisha zikasikika buti, naye akabeba mzigo na kuzama msituni. Buti zilikuwa zangu. Ukatokea uso wangu mkubwa, unazichekea parachichi.

Watu wote waligeuka kunitazama. Mama aliuliza avoka ziko wapi. Nikamwambia. Mwanamke aliyerudishiwa mdogo wake saa ile ile alipata nguvu ya kunigombeza kwa ajili ya parachichi, mpaka wageni wa Minova wakaniombea msamaha.

"Alilipa," alisema. "Foto yake iko wapi?"

Mjomba ndiye aliyetangaza kwamba kilio hakipo. Alitangaza kwa sauti ya kanisani, kisha akaingia chumbani na kulia peke yake, na sisi tukajifanya hatusikii. Gunia la maharagwe mama alilisukuma chini ya kitanda chake na kukataza mtu asiliguse.

Wiki ile nilimleta nyumbani mpiga picha kutoka mtaa wa Kadutu, akaipiga picha televisheni yenyewe. Ilitoka na mstari mweusi kifuani mwa mama mdogo, lakini uso ulikuwepo. Nilipokuwa ninapakia, mama alikuja na maagizo yake. Nikishuka kurudi kwenye kamera nisitembee kama askari. Nivue buti. Niimbe ule wimbo wake wa kuchambua maharagwe, ambao hauna maneno mengi na aliuimba tangu wakiwa wasichana. Nilimkumbusha kwamba sauti yangu si ya kuimba. Akasema yake pia siyo.

Nilipokuwa ninarudi, nililiacha lori chini ya mlima likiwa limeelekea Bukavu, nikaweka kamera juu ya lile lile jiwe, na picha kando yake ndani ya plastiki. Nikapandisha lori. Juu nikavua buti, nikaanza kushuka, miguu ikizama kwenye tope baridi, nikiimba. Sijawahi kuogopa mlima ule kama siku hiyo, na nilikuwa ninatembea tu. Niliogopa kukuta picha iko palepale, na niliogopa kurudi Kasha na hiyo picha mkononi.

Alikuwa amekaa kwenye jiwe, picha mapajani, anafuta matone ya mvua kwa ncha ya kitenge. Hakukimbia. Alingoja mpaka nikamaliza.

"Unaimbaka mubaya sawa mama yako," alisema.

Nililia pale barabarani, mtu mzima na masharubu yangu. Yeye aliniuliza nani yuko hai, nikamtajia mmoja mmoja. Alikuwa ameambiwa kwamba sisi wa Kasha tumekwisha wote. Tulipanda mlima hadi juu, akaingia kwenye lori, akashika mlango kwa mikono yote miwili hadi Bukavu, akinilaumu kwa kila shimo.

Ninyi mnaongoja niwasimulie jinsi dada wawili walivyokimbiliana, mtasamehe. Mama alisimama mlangoni, akamwambia amekonda, akamshika mkono, akamwingiza ndani. Kisha akavuta gunia chini ya kitanda akapika sufuria kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo. Mama mdogo alipoletewa sahani aliuliza maharagi ya nani hii, mingi hivi.

"Ya kwako," mama alisema. "Ya kilio yako."

Mama mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema yeye alikwisha kutulilia sisi sote kule msituni, peke yake, na kumaliza. Mama hakupenda. Alitaka kujua mtu anawezaje kulilia watu bila kuona kaburi.

Mimi nikaona hii haifai kupita hivihivi. Nikaweka kamera juu ya kabati, nikaiegemeza kwa kile kipande changu cha mpira, nikaiwasha. Mama mdogo aliiona tu, akaweka kijiko chini. Akasimama katikati ya sebule, akafunga kitenge, akanyoosha mikono ubavuni. Nilimweleza kwamba hii ni filamu, anaweza kutembea, anaweza kula, anaweza hata kuongea.

"Mungoje kwanza ipige," alisema bila kusogeza midomo.

Mama alijua. Miaka yote ile alikuwa ameitazama kamera hiyo kuliko mtu yeyote Bukavu, alijua vizuri kabisa kwamba haipigi. Aliinuka, akajifuta mikono, akaenda kusimama kando ya mdogo wake, bega kwa bega, mikono imenyooka, midomo imefungwa. Wakasimama hivyo, hakuna aliyetikisika, na maharagwe yakapoa.