Kifaa Nilichokilaza

Dada yake baba humwita mtoto wa kaka yake eeddo, yaani shangazi, na mtoto humwita vivyo hivyo. Ndivyo sisi Wasomali tunavyorudishiana majina. Nilipokuwa mdogo niliona ni utani mtamu. Siku hizi eeddo akiniita hivyo, naona amenikabidhi heshima ambayo sijaifanyia kazi.

Kazi yangu iko Garissa mjini, kwenye mradi wa maji. Kila tangi la mifugo tumelitilia kifaa kidogo cha betri kinachopima maji na kurusha habari kwa redio. Habari hupokezanwa kutoka kifaa hadi kifaa mpaka kituo chetu cha Balambala, kisha mfugaji anapata ujumbe kwenye simu. Vifaa hivi havikai kwenye masafa mamoja, maana yakivurugika habari zote zinapotea. Vinahamahama, kama marafiki waliopatana kunywa chai kila mara kwenye hoteli tofauti, kwa zamu wanayoijua wote. Kati ya miadi na miadi, vinalala. Redio ikikaa macho inamaliza betri.

Shida ni saa zao. Joto la kwetu linazipotosha kidogo kidogo, na kifaa kikichelewa kinakuta wenzake wamehamia hoteli nyingine. Kuwatafuta kunakula betri kuliko kazi yenyewe. Kwenda kubadilisha betri ni jukumu langu, na mgongo wangu wa kusomea vitabu hauipendi barabara ya huko. Kwa hiyo nikaviagiza visisumbuane mara kwa mara kulinganisha saa, na chochote kitakachopotezana na wenzake kisihangaike, kilale mpaka kesho yake. Tena, ili mfugaji asikose ujumbe, nikapanga kituo kiendelee kutuma kipimo cha mwisho. Betri zilidumu ajabu. Nilisifiwa mkutanoni, nikainamisha uso kama mtu mnyenyekevu.

Kiangazi kilipokaza, eeddo alinipigia asubuhi akiwa njiani na mbuzi wake. Kwa kawaida watu wetu hawahamishi mifugo kabla ya kumtuma mtu atangulie, ayaone maji na malisho kwa macho yake, arudi kusema. Huyo anaitwa sahan.

“Safari hii sikutuma sahan,” aliniambia. “Ujumbe wenu unasema tangi limejaa. Ni kweli, eeddo?”

Nilikuwa nakunywa chai. “Nenda tu,” nikamwambia.

Mchana ndipo nilipoitazama kompyuta. Kipimo cha tangi lile hakikuwa kimebadilika tangu jana, hata kidogo. Mifugo inakunywa, jua linakausha, na maji yamekaa palepale? Nikampigia eeddo. Alikuwa ameshaingia kusiko na mtandao. Nikakodi boza la maji, nikapanda mbele kando ya dereva, na njia nzima nikamweleza kwa nini tatizo kama hili hutokea mara chache sana.

Tulimkuta amekaa kwenye kivuli cha tangi tupu, mbuzi wamejilaza kumzunguka. Wengine hawakusimama hata waliposikia maji yakimiminwa kwenye hori. Mmoja alikuwa amemchinja kabla hajafa mwenyewe, nyama isije ikawa haramu.

“Alhamdulillahi,” alisema. “Nilijua kile chombo kitakuambia tuna kiu.”

Akachoma ini, akaniletea mimi, mgeni na mwokozi. Nikalila. Lilikuwa tamu, na hilo ndilo ambalo sijajisamehe.

“Nikirudi nitawaambia majirani,” akaendelea. “Mambo ya sahan yamekwisha. Kwa nini tuwachoshe watu miguu wakati chombo kipo?”

Majirani zake wana ng'ombe, wana watoto, nao wangeingia njiani kwa neno lake.

“Eeddo, usiwaambie,” nikasema. “Hakikuniambia. Kilikuwa kimelala.”

“Nani alikilaza?”

“Mimi.”

“Kwa nini?”

“Betri isiishe.”

Alinitazama, akawatazama mbuzi. “Na haikuisha?”

“Haikuisha. Nzima kabisa.”

“Mashaallah,” alisema taratibu. “Betri nzima.”

Boza liliondoka bila mimi. Eeddo hakuniuliza kama nataka kubaki. Maji yale yangetosha mpaka asubuhi tu, na kisima kinachofuata kilikuwa mbele zaidi. Alfajiri, baada ya swala, alinipa kibuyu na kuninyooshea mkono kuelekea huko.

“Leo wewe ndiye sahan.”

Nilikwenda na viatu vyangu vya ofisini. Njiani niliapa nitavifanya vifaa viamke mara nyingi zaidi, na kila ujumbe useme maji yalionekana lini. Betri zitakwisha upesi, na mwenye mgongo atakwenda kuzibadilisha. Nafsi yangu haikutulia kwa kiapo hicho. Kuapa ni kazi nyingine ninayoiweza nikiwa peke yangu.

Niliporudi, miguu imechubuka, mbuzi walikuwa wamesimamishwa tayari. Nikamwambia maji yapo, matamu, na wenye kisima wanaturuhusu kunywesha.

“Umeyaona wewe mwenyewe?”

“Nimeyaona. Nimeyanywa.”

Akachukua mkononi mwangu kibuyu nilichokijaza kisimani, akakifungua, akaonja kwanza. Ndipo akawaswaga mbuzi.