Sababu za Msusi

Msusi hakuweka wakili. Alisema mdomo wake umesuluhisha ndoa chungu nzima pale kwenye kiti cha saluni, utashindwaje kuvunja moja? Fomu ya madai ya talaka aliilaza mezani kati ya vitana, ikajaa alama za vidole vyenye mafuta. Kila akimaliza msuko mmoja alijifuta mkono kwenye aproni, akaandika sababu moja, akaisoma kwa sauti huku kichwa kakiinamisha upande, kama anayekagua mistari ya nywele. Wateja wangenyamaza vipi? "Andika anakoroma, dada," alisema mmoja. "Andika hali chakula mpaka amuulize mama yake," akadakia wa pili. Msusi alicheka mpaka mabega yakatikisika, akaandika yote, akaongeza na karatasi.

Kule mahakamani, karani wa masijala alisoma kurasa nne bila kuinua uso. Mume aliyeandikwa humo alikuwa mlevi asiyegusa pombe, bahili anayehonga mtaa mzima, mfupi ukurasa wa pili, mrefu ukurasa wa tatu.

"Mama, umeolewa na wanaume wangapi?"

Msusi akaangua kicheko, kikamkatikia njiani. Akaomba kalamu, akafuta mstari mmoja baada ya mwingine mpaka ukabaki mmoja tu. Karani akausoma taratibu: hanisemeshi, huu mwaka wa tatu.

"Na huu ni wa nani?"

"Huo wangu," alisema msusi.